Nailoni ya chini ya jamvi na mkanda wa chini ya ukuta wa mbao vinakutanaje? (Nzuguni)

MamaCherehani

Habarini za jioni wadau. Naombeni msaada kabla ya jumamosi maana mbao zinaingia jumamosi asubuhi, na ukuta ukishasimama sitaweza tena kurudi nyuma.

Najenga chumba cha kushonea nyuma ya nyumba hapa Nzuguni, Dodoma, mita 4 kwa 6. Kuta ni fremu ya mbao mbili kwa nne, nje napigilia mbao, ndani ubao mwembamba, juu bati. Msingi ni tofali za inchi 6 kozi tatu, ndani tulijaza moramu tukashindilia, juu yake mchanga kidogo ili kokoto zisitoboe, halafu nailoni nyeusi geji 1000, halafu jamvi la zege sentimita 10. Jamvi lina wiki tatu sasa na maji tulimwagilia kila siku wiki ya kwanza.

Sasa tatizo. Fundi wa msingi ile nailoni aliikata ilipofika kwenye uso wa ndani wa tofali. Haikupita juu ya tofali wala haikutokeza nje. Yaani pembeni kote jamvi limekaa moja kwa moja kwenye tofali, na mbao yangu ya chini, ile inayolala kwenye zege, itakaa hapo hapo juu. Nilivyomuuliza akasema weka mkanda wa dipisii (ule wa kuzuia unyevu wa ardhini usipande) chini ya mbao inatosha. Shemeji yangu ambaye ndo seremala (katoka Njombe, kazi yake naiamini sana) yeye anataka tuivingirishe ile mbao yote na nailoni. Mimi nilivyosoma ni kwamba nailoni ya sakafu na mkanda wa ukuta vinatakiwa vishikane viwe kitu kimoja, sasa vitashikanaje wakati kimoja kimefunikwa na zege na kingine kipo juu yake??

Mbele jamvi liko juu ya ardhi kama sentimita 20, nyuma kwenye mwinuko ni kama 8 tu.

Nawauliza kwa uchungu kidogo kwasababu chumba nilichokuwa nimepanga kabla ya hapa chumvi ilipanda ukutani na sakafu ya kona ilikuwa haikauki, nikapoteza majora mawili ya kitambaa cheupe cha watu kwa ukungu, nikalipa. Sitaki irudie kwenye chumba changu mwenyewe.

---

kavu_kavu

Dada Dodoma mvua yenyewe miezi minne mitano kwa mwaka, hapa sio Bukoba. Weka mkanda chini ya mbao, pigilia, maisha yaendelee. Mimi banda langu la mbao Msalato lina miaka mitatu halijaoza.

---

Seremala_Mkonze

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Dada MamaCherehani umeuliza swali zuri na umeuliza muda mzuri, wengi wanakuja kuuliza mbao ikishaoza.

Mkuu hapo juu, kuhusu mvua. Ni kweli Dodoma mvua ni milimita 500 na kitu tu kwa mwaka, ila inashuka kwa fujo kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 4 na ardhi yetu hii inalowa yote kwa mkupuo. Halafu huu ukavu wenyewe ndo unaovuta maji juu. Zege na tofali vina vitundu vidogo sana, maji yanapanda humo kama mafuta kwenye utambi wa koroboi, na hewa kavu huku juu inakausha uso kila saa kwahiyo yanazidi kuitwa. Maji yanaondoka chumvi inabaki. Ndo maana nyumba nyingi hapa mjini unakuta ule unga mweupe ukutani na rangi inatoka magamba, udongo wetu na maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, nenda bwawa la Hombolo onja uone. Na ile chumvi ikishakaa kwenye ukuta nayo inanyonya unyevu wa hewani, hivyo hata ukizuia maji baadae ukuta unabaki na ubichi.

Sasa turudi kwenye chumba chako. Fuata njia ya maji kwa kidole. Ardhi imelowa, tofali za msingi zimenyonya, zimefika juu, zinakutana na jamvi bila kizuizi chochote. Kutoka hapo maji yana njia mbili. Moja yanapanda kwenye mbao ya chini. Hiyo mkanda wa dipisii unaizuia, fundi wako yuko sahihi hapo. Ya pili yanatambaa kwa ndani ya zege lenyewe kuelekea katikati ya chumba, JUU ya nailoni yako, kwasababu nailoni iko chini ya zege na maji yameingilia ubavuni. Hiyo ya pili mkanda wa chini ya mbao haiigusi kabisa. Utapata mstari wa sakafu mbichi pembeni ya kuta zote, kama upana wa mkono au zaidi, na hapo ndo huwa mnapanga majora.

Kwahiyo hivyo vitu viwili haviwezi kushikana tena pale vilipo. Nailoni ya chini ishazikwa, iache ifanye kazi yake ya katikati. Unachofanya ni kuweka nailoni NYINGINE juu ya jamvi, chini ya sakafu ya mwisho, hiyo ndo ishikane na mkanda wa ukuta. Zikishashikana pembeni kote bila kuachana hata sehemu moja, mbao yako na sakafu yako vyote viko upande mkavu.

Kwa ile nyuma ya sentimita 8 mimi nisingelaza mbao kwenye jamvi. Mbao inatakiwa iwe juu ya ardhi ya nje angalau sentimita 15. Tone la mvua ya huku likipiga udongo mtupu linarusha tope, angalia ukuta wowote wa nyumba ya jirani yako ambayo haina kisakafu cha kuzunguka, uone ile rangi nyekundu imefika wapi. Mwaga ukingo wa zege kuzunguka jamvi, upana 15 urefu kwenda juu 15, mbao ikae juu ya huo ukingo. Mzunguko wako ni mita 20, toa mlango inabaki 19 na kidogo, hiyo ni chini ya nusu ya kyubiki mita, kama mifuko mitatu ya simenti kwa mchanganyo wa 1:2:4. Sio hela ya kukufanya uache.

Baada ya hapo maungio yanakuwa hivi: mkanda unaulaza juu ya ukingo, mpana kuliko mbao. Upande wa nje utokeze kidogo tu, sentimita moja hivi, uelekee chini. Upande wa ndani uache mrefu uning'inie kama sentimita 15 usoni kwa ukingo. Siku ya kupiga sakafu nailoni ya juu inatandikwa kwenye jamvi, inapanda ukutani kwa ukingo, inakutana na lile sikio la mkanda, mnapishanisha 15 nzima na katikati yake mnaweka tepu ya butili (ile ya mpira laini unaonata) au ile ya lami. Mkanda na mkanda wakiungana kwa urefu wapishane 10 isipungue.

---

kavu_kavu

Sawa mkuu nimekuelewa, hiyo ya maji kuingilia ubavuni mwa zege sikuwahi kuifikiria. Langu ni banda la kuku halina sakafu ya maana ndo maana sijaona.

---

Ilazo_Boy

Mi nakubaliana na shemeji. Mbao ikivingirishwa yote nailoni maji yatapitia wapi? Tunafanya hivyo kwenye vibanda vya biashara kila siku, unaivisha mbao ya chini kama soksi, unapiga stepla juu, imeisha. Hakuna haja ya ukingo wala butili ambayo mpk uitafute madukani.

---

BintiBahi

Ilazo_Boy kaka yangu nakuomba usimshauri hivyo, mimi nimeyaona kwa macho yangu. 2019 tulijengewa kiofisi cha mbao huku Bahi, si unajua Bahi ni mbuga, masika ni majaruba ya mpunga kila upande. Aliyejenga alivisha mbao zote za chini nailoni kama unavyosema wewe. Masika mbili tu zikapita, mlango ukaanza kugoma kufunga, tukadhani msingi umetitia. Tulivyobandua ile nailoni mbao ilikuwa laini unaichota na kijiko na ndani ya nailoni kulikuwa na maji yamesimama. Maji hayakutoka chini, yalitoka JUU, mvua ya upepo inapenya kwenye maungio ya mbao za nje, inateremka ndani ya ukuta, inafika chini inakuta soksi, inakaa humo haina pa kutokea. Na zile pini za stepla kila moja ni tundu.

Yaani nailoni chini ya mbao ndiyo. Nailoni ndani kidogo ya kuzuia majimaji ya sakafu ndiyo. Nje hapana, mbao iachwe ipumue.

---

Seremala_Mkonze

BintiBahi umemaliza. Mbao haiozi kwasababu imelowa siku moja, inaoza ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 muda mrefu, hapo ndo ukungu wa kuozesha unaishi. Ikilowa na ikakauka wiki ileile haina shida, na hili jua letu linakausha haraka, sasa kwanini uifunge isilione.

Wazee wetu walijua. Babu zangu wa Kigogo kwenye tembe nguzo zilikuwa zinachimbiwa chini, na ukitazama tembe la zamani nguzo inakatikia palepale kwenye usawa wa ardhi, chini kabisa nzima, juu nzima, pale katikati ambapo udongo na hewa vinakutana pameliwa. Ndo maana walikuwa wanachagua miti migumu ya porini kwa nguzo. Sisi tunajengea paina ya Sao Hill, ni laini, kwahiyo ile sehemu ya chini ndo ya kuilinda kwa nguvu zote.

---

mwl_wa_ufundi

Habari zenu. Naongezea machache ambayo nawafundisha vijana na wanayasahau wakitoka.

Vumbi. Tepu yoyote, iwe butili iwe lami, haishiki kwenye nailoni yenye vumbi, na hapa Dodoma nailoni ikikaa nje dakika kumi ishapata vumbi. Futa na kitambaa kibichi, acha ikauke kabisa, bandika, halafu kandamiza kwa nguvu na kipande cha mbao au rola, urefu wote. Usitumie silikoni, nailoni hii haishikani na silikoni, utaibandua kesho yake kama gamba la kitunguu. Nimeona watu wanamimina silikoni chupa nne wanadhani wameziba.

Jua. Nailoni nyeusi ya kawaida ikiachwa juani miezi inakuwa kavu na kukatika kama chapati ya juzi. Kwahiyo hiyo sentimita moja inayotokeza nje iwe kivulini, mbao za nje zishuke zipite maungio kwa sentimita 5 hivi ziifunike, lakini zisiguse ukingo, ziache nafasi. Sikio la ndani nalo msiliache linaning'inia miezi mitatu hamjapiga sakafu halafu watu wanalikanyaga.

OILI CHAFU. Hili naliandika kwa herufi kubwa. Najua mafundi wengi wanapaka mbao oili chafu ya gari kwa ajili ya mchwa. Kama mkanda wako ni ule wa lami, au umetumia tepu ya lami, au umepaka rangi ya lami, oili na dizeli vinayeyusha lami. Mbao inatona oili, lami chini yake inalainika inakuwa uji, mbao inaikamua pembeni, mkanda umekwisha na haupo mahali pa kuuona. Nunua mbao zilizotiwa dawa kiwandani, zile za kijani, na kila utakapokata msumeno ile ncha mpya ipake dawa tena maana dawa haifiki katikati ya mbao, ncha uliyokata ni kama haijawahi kuona dawa.

---

MamaCherehani

Jamani asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na shemeji nimemsomea kwa simu. Kwenye soksi amebisha kidogo halafu akanyamaza, akasema hiyo ya Bahi kuna sehemu na yeye ameiona ila hakujua chanzo.

Ukingo wa zege tumekubali. Nina maswali matatu yamebaki. La kwanza bolti, tutatoboa mkanda kila mahali si tutakuwa tumeharibu? La pili mlangoni, ukingo utakatika pale, mkanda nao utaishia wapi? La tatu mchwa, hapa Nzuguni kiwanja chote kilikuwa na vichuguu, je nailoni inawazuia?

---

Seremala_Mkonze

Dada naanza na bolti. Lazima uwe nazo, hiyo ni nyumba nyepesi na upepo wa mwezi wa 7 na wa 8 huku unaujua, unabeba bati. Ukingo wenyewe msiumwage juu ya jamvi kavu hivihivi, toboeni jamvi na drili, mchomeke vipande vya nondo, jamvi likwaruzwe na kulowanishwa, ndo mmwage. Bolti ziingie kwenye ukingo zege likiwa bichi, mguu wake uwe umekunjwa, kila mita moja na kidogo, na kila kona isizidi sentimita 30 toka mwisho wa mbao. Halafu mkanda mnaukata tundu dogo kuliko bolti ili uingie kwa kubana, msiukate mraba mkubwa na wembe. Kabla ya kulaza mbao mzungushie kila bolti lami ya kupaka (chagua ile ya kuchanganya na maji, sio ya kuyeyusha na petroli) au kipande cha butili. Mbao ikikazwa inabana ule uji unaziba. Matundu hayo hayana shida. Shida ni matundu ya misumari ya ovyo, mtu anapigilia mkanda kwenye zege ili usipeperuke. Weka tofali juu yake usipeperuke, msumari hapana.

Mlangoni. Hapa ndo watu wengi wanaharibu kazi nzuri. Mkanda ukifika mwisho wa ukingo usikatwe. Ushuke na ncha ya ukingo mpaka chini, ugeuke, uvuke mlango wote chini ya kizingiti, upande upande wa pili. Kama kipande kimoja hakifiki unganisha kwa kupishana 10 na tepu, lakini maungio yawe kwenye sehemu ya bapa sio kwenye kona. Nailoni ya sakafu inakuja kukutana nao hapohapo chini ya kizingiti. Kizingiti chenyewe kiwe cha zege kimeinama kidogo kwenda nje. Na miguu ya fremu ya mlango ISICHOMEKWE kwenye sakafu, nyumba nyingi hapa miguu ya fremu imezikwa kwenye simenti ndo inaanza kuoza kabla ya kitu chochote. Ikate iishie juu ya sakafu, chini yake weka kipande cha mkanda.

---

Mpwapwa_Juu

Mbukwenyi wose. La mchwa nijibu mimi nimepigana nao miaka.

Nailoni haimzuii mchwa dada, anaitafuna anapita, na hata asipotafuna anazunguka kwa nje. Mchwa wa udongo hawezi kutembea juani, anajenga kile kifereji chake cha udongo kupanda ukutani mpaka afike kwenye mbao. Kwahiyo hizo sentimita 15 za ukingo zinakusaidia mara mbili, tope halifiki na mchwa analazimika kupita mahali pa wazi ukamwona. Usiupige ukingo plasta ya mapambo, usipange matofali wala kuni wala magunia ya vitambaa kwa nje, acha wazi. Kila jumamosi zunguka mara moja, ukiona kifereji kivunje uweke dawa. Inachukua dakika tano.

Na hiyo habari ya plasta ina jambo lingine. Kuna mtu anamaliza kazi safi kabisa halafu anakuja fundi wa kupendezesha anapiga plasta kutoka chini mpaka kwenye mbao za nje, inapita juu ya mkanda. Imeshakuwa daraja. Maji yanapanda ndani ya plasta yanaruka mkanda, yaani mkanda upo na kazi haufanyi. Hivyo hivyo kwa udongo wa bustani, mtu anapanda maua, anarundika udongo mpaka unafunika ukingo. Kwa ule upande wako wa nyuma wenye 8 chimba ushushe ardhi uwe na mteremko wa kwenda mbali na chumba, weka kokoto upana wa nusu mita badala ya udongo mtupu, na uweke gata kwenye bati upande huo.

---

Ilazo_Boy

Nimejifunza, ile ya soksi naiacha. Swali kwa mwl, kwanini asipake tu lami jamvi lote badala ya nailoni ya pili? Si ni nyepesi zaidi?

---

mwl_wa_ufundi

Inawezekana Ilazo_Boy na wengine wanafanya. Ila lami ya kupaka inataka jamvi kavu na laini, lake lina wiki tatu tu, lina maji mengi ya kuchanganyia bado, lami itavimba malengelenge. Zege linakauka polepole kuliko watu wanavyodhani, uso ukiwa mweupe sio kwamba ndani kumekauka, hesabu ya kawaida ni kama milimita moja kwa siku hali ikiwa nzuri, na kwa zege nene ni pole zaidi. Anayetaka kujua ajaribu usiku mmoja, abandike kipande cha nailoni cha nusu mita kwenye jamvi, tepu pande zote nne, asubuhi afunue. Akikuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, bado.

Nailoni haijali hayo, maji ya jamvi yatabaki chini yake na kuondoka kidogokidogo kwa pembeni. Ila sasa dada sakafu yako itakuwa haijashikana na jamvi, imelala juu ya nailoni, kwahiyo usipige nyembamba. Isipungue sentimita 5, ukiweza 6 au 7 ni bora, la sivyo itapasuka na kulia puu ukikanyaga. Na cherehani zikitetema kwenye sakafu nyembamba ya namna hiyo hazichukui muda. Pembeni nailoni ipande kwenye ukingo mpaka ipite usawa wa sakafu, ukishapiga sakafu ndo unakata ziada. Ukikata kabla simenti mbichi itagusa ukingo na umefungua njia upya.

Mpangilio wa kazi: ukingo, bolti, mkanda, fremu, paa, ndipo nailoni ya juu na sakafu. Sakafu iwe ya mwisho chini ya paa, kwanza mvua haitaijaza hiyo nailoni ikawa bwawa, pili mafundi hawataitoboa na misumari iliyoanguka. Kabla ya kumwaga, pitia nailoni yote na tochi kwa kuinama, kila tundu bandika kiraka kikubwa kuliko tundu kwa 15 kila upande.

---

BintiBahi

Na ukimaliza usiharakishe kuweka kapeti la plastiki au tailizi dada. Sakafu mpya ina maji yake na sasa chini yameshafungwa, yatatoka juu tu. Ukifunika mapema utakuta ukungu uleule ukadhani ardhi ndo inaleta. Majora yaweke kwenye shelfu, yasiguse ukuta, miezi miwili ya mwanzo.

---

MamaCherehani

Narudi kuwapa mrejesho, wiki tatu zimepita.

Ukingo tulimwaga jumapili ile, mifuko mitatu kweli na kidogo ikabaki. Mbao nilizisogeza zikaletwa siku kumi baadae, muuzaji alinielewa. Butili tulihangaika kuipata, hatimaye duka moja la vifaa mjini walikuwa na rola mbili, nikachukua zote. Shemeji amefanya mkanda kama mlivyoelekeza na sikio la ndani ameliacha 18 kabisa, mlangoni tulikaa saa nzima sisi wawili tunakunja na kukunjua karatasi la gazeti mpaka tukaelewa kona inakunjwaje bila kukatwa, ndo tukahamia kwenye mkanda wenyewe.

Kumbe pia nilipata bahati moja. Kabla ya kusimamisha fremu nilibandika ile nailoni ya majaribio mahali pawili, moja katikati ya chumba na moja pembeni karibu na ukingo upande wa nyuma. Asubuhi ya katikati ilikuwa na ukungu mwepesi tu wa jasho. Ya pembeni ilikuwa na matone makubwa na zege limeiva weusi, na mvua bado hata haijanyesha, ni maji ya kumwagilia bustani ya jirani wa juu tu. Nilimwita fundi wa msingi aje aone. Alichuchumaa pale akaangalia muda mrefu, akaniuliza hiyo tepu nyeusi nimeinunua duka gani.

Paa limeisha jana. Jumatatu tunatandika nailoni ya juu, tochi ninayo.